Nyumba Ihamishwe na Nyufa Zake

Mpwa wangu tumemwita Pasi tangu utotoni, na jina lake la ubatizo siku hizi hulitumia benki tu. Alipewa jina hilo na mama yake, ambaye ni umbu langu, dada yangu mdogo, kwa sababu mtoto yule hakuweza kuona mkunjo akaupita. Siku ya kipaimara chake, askofu alipoinama kumpaka mafuta, Pasi aliinua mkono akamnyoosha ukosi uliokuwa umepinda, kisha akafumba macho tena kwa unyenyekevu. Kanisa zima lilicheka isipokuwa mama yake. Leo ni mtu mzima, mvi zimekwisha kumchungulia kipajini, na bado hawezi kuketi kwenye kochi la watu kabla ya kukinyoosha kitambaa chake.

Nimekaa nyumbani kwake tangu nilipostaafu ualimu. Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo. Dirisha linatazamana na karakana ya kuchomelea vyuma, hivi kwamba mchana kutwa huandika akisindikizwa na milio ya nyundo, na mara kwa mara cheche huangaza kioo kama umeme wa mbali. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili. Tundu la kitasa bado lipo; humo ndimo anamopitisha nyaya.

Juu ya mlango huo pana skrini mbili. Ya kushoto huonyesha lugha ya zamani, ya kulia lugha mpya. Yafaa nieleze kazi yenyewe kama alivyonieleza mimi, maana mara ya kwanza niliposikia kwamba anahamisha maktaba nilimwuliza kama amekwisha kupata lori.

Maktaba hiyo haina vitabu. Ni mkusanyo mkubwa wa kanuni za hesabu za fedha, zilizoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta huifuata: namna ya kukadiria thamani ya hati ya mkopo wa serikali, namna ya kuhesabu riba kati ya tarehe na tarehe, ni siku zipi benki hufungwa katika nchi ipi. Iliandikwa kwa miaka mingi na watu waliotawanyika duniani, nao wakaiacha wazi. Atakaye huisoma, huitumia, huirekebisha. Lakini lugha waliyoitumia ni ngumu, na wanaoijua vizuri wanazidi kupungua, kama sisi wazee tuliofundishwa kuitikia misa kwa Kilatini. Vijana wanaotoka vyuoni wanajua lugha nyingine, nyepesi zaidi. Pasi aliitumia maktaba hiyo alipokuwa ameajiriwa benki, akaipenda. Alipoona inaelekea kubaki bila wasomaji, aliacha ajira akaanza kuihamisha, kipande kwa kipande, kuipeleka katika lugha mpya. Mfuko mmoja wa pensheni uliokuwa na haja ya kazi hiyo ulikubali kumpa posho.

Mama yake hakupendezwa.

"Umeacha kiti cha kuzunguka cha benki," alimwambia, "ukaja kukalia ndoo stoo, uwafanyie kazi watu wasiokujua hata kwa sura?"

"Si ndoo, mama. Ni stuli."

"Stuli yenye mkono wa kubebea!"

Mwenzake katika kazi ni mtu wa makamo anayekaa mji mwingine. Mimi nimemwona kwenye skrini tu. Wenzao humwita Breki, kwa kuwa kila wengine wanapokimbia yeye husimamisha. Kazi yake ni kukagua. Kila kipande cha maktaba ya zamani kina majaribio yake, yaani maswali madogo ya hesabu pamoja na majibu yanayotarajiwa. Kipande kikihamishwa, majaribio huhamishwa nacho. Majibu yakilingana, alama huwa ya kijani. Yakitofautiana, huwa nyekundu.

Breki alikuwa na kanuni moja, naye aliirudia kama salamu.

"Hamisha nyumba na nyufa zake, dada. Nyufa tutaziziba baadaye, huku na kule, siku moja."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," Pasi humjibu.

"Ufa wa nani? Nyumba bado si yako."

Maana ya kanuni hiyo ni nyepesi. Ukihamisha na kurekebisha kwa wakati mmoja, majibu yakija kutofautiana hutajua kama tofauti imetokana na dawa uliyotia au na ugonjwa uliouleta mwenyewe. Watu wa kazi hiyo wote wanaijua, na kuifuata huwashinda karibu wote, kwa kuwa anayehamisha husoma kila mstari kwa makini kuliko hata aliyeuandika, na huyaona makosa yote.

Pasi alikubali kwa mdomo. Mkono wake ulikuwa na desturi yake. Mara kwa mara nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini mle stoo, nami nikadhani ni furaha ya kazi. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliimba kila alipokuta kosa la mtu. Alilirekebisha palepale. Jaribio likawa jekundu, kwa kuwa lilitarajia lile jibu la makosa. Naye akalirekebisha jibu pia, likawa kijani. Kisha akaenda mbele. Hakumwambia mtu, wala hakuona kwamba pana jambo la kumwambia mtu.

Majira ya mvua ya mwaka ule ilikuja barua pepe kutoka kwa watunzaji wa maktaba ya zamani. Mkuu wao ni mama mtu mzima wa nchi ya mbali, ambaye wote humwita Bibi Mtunzaji. Aliandika kwamba kundi jingine nalo limeihamisha maktaba katika lugha hiyohiyo mpya. Watunzaji watapokea kazi moja tu kuwa ndugu halali wa maktaba yao, nao watachagua mwisho wa mwezi. Sharti ni kwamba zitatolewa hati nyingi za kweli, zilizofutwa majina ya wenyewe, ambazo maktaba ya zamani imekwisha kuzihesabu. Na kila kundi lionyeshe majibu yaleyale.

Mfuko wa pensheni ukasema wazi kwamba utafuata itakayopokewa. Pasi alinieleza hayo akiwa anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi.

"Wakichukuliwa wale, mjomba, yangu haifutwi. Itabaki palepale. Ila itakuwa kama kisima kisicho na njia. Nani atakwenda kuchota?"

"Lakini yako si iko tayari?"

"Ya kijani mpaka mwisho," akasema, akatabasamu.

Zile hati zilipofika, Breki ndiye aliyeziingiza. Asubuhi moja alipiga simu ya video. Nilikuwa nimeketi kizingitini mwa stoo nikimenya machungwa.

"Shikamoo mjomba," alinisalimu kwanza.

"Marahaba. Mbona uso huo?"

"Uso ni wangu wa siku zote, mjomba, ila leo umebeba habari. Dada, zimekataa."

"Zipi?" Pasi akauliza.

"Hati. Si zote, lakini za kutosha watu waseme tumehesabu kwa vidole vya miguu."

"Haiwezekani. Majaribio yote ni ya kijani."

"Nami ndivyo nilivyojiuliza, nikaenda kuyatazama yenyewe. Nimeyaweka karibu na yale ya zamani. Maswali ni yaleyale, majibu siyo. Nani ameyabadilisha?"

Kule karakana walikuwa wakigonga bati. Pasi aliisogeza kalamu iliyokuwa imekaa upande juu ya meza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa yamekosewa kweli, Breki. Ukitazama ile ya siku za—"

"Sikuulizi kama yalikosewa. Ni mangapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nilikuwa napita tu. Naona kitu kimepinda, nakinyoosha, naendelea."

Breki aliinamisha kichwa hata tukaona upara peke yake.

"Mgema akisifiwa," alisema kutoka chini huko. "Na msifu mwenyewe ni mimi. Juzi tu niliwaambia watu kwamba dada yangu huyu hana taa nyekundu hata moja. Kumbe anazipaka rangi!"

Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nami niliuliza kama si rahisi kufuata nyayo hizo kurudi nyuma. Pasi alinieleza kwa subira kwamba nyayo zipo, lakini kila jioni alikuwa akifunga kazi ya siku katika furushi moja, yaliyohamishwa na yaliyorekebishwa pamoja. Kuyatenganisha sasa ni kama kuutafuta mchele wako katika gunia la ushirika. Njia iliyobaki ilikuwa kuyarudisha majibu ya zamani katika majaribio yote, kuona yapi yatalia, yaani yatakuwa mekundu, na kila linapolia kulirudisha kosa la mwandishi wa kwanza lilivyokuwa.

Ndivyo walivyofanya. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa uchungu wa namna ile. Alichukua kanuni aliyokwisha kuiweka sawa, akaipinda tena kwa mkono wake, kwa uangalifu uleule aliokuwa ameitengenezea.

"Ni kama kumrudisha mtoto matopeni baada ya kumwogesha," aliniambia.

"Na kumpima kama amechafuka vilevile," akadakia Breki, ambaye siku hizo hakuzima skrini yake ila kwa kulala.

Mama yake alikuja katikati ya juma, akasimama mlangoni na mkoba wake kwapani, akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Macho yamekuwa mekundu. Unafanya nini?"

"Narudisha makosa, mama."

"Makosa ya nani?"

"Ya watu."

"Yako yamekwisha?"

Akaenda zake jikoni kutafuta sufuria. Breki alicheka hata akakohoa. "Mama, shikamoo! Njoo ufanye kazi huku ya ukaguzi!" alipiga kelele, lakini umbu langu hazungumzi na skrini, husema ni utovu wa adabu kuzungumza na mtu asiye na miguu.

Taa nyekundu zilipungua siku kwa siku, na hati nazo zikaanza kukubali. Likabaki kosa moja ambalo halikuwa na jaribio lake, nalo Pasi alilikumbuka kwa sababu lilimpendeza sana alipolinyoosha. Lilihusu hati za zamani sana. Maktaba ina tarehe ya msingi, siku ambayo huanzia kuhesabu. Siku za baada yake ni namba za kawaida, na siku za kabla yake ni namba hasi, kama ngazi zinazoshuka chini ya ardhi. Hati zilizoanza kabla ya siku hiyo, maktaba ya zamani ilizipunja siku moja. Pasi alikuwa ameirudisha ile siku. Sasa aliiondoa tena, akaziendesha hati zote, akajiegemeza ukutani kungoja kijani.

Zile hati za zamani sana, ambazo tangu mwanzo zilikuwa zikikubali, sasa zikakataa.

"Umerudisha kosa," Breki alisema polepole, "na tofauti imezaliwa."

"Nimeona."

"Zilikuwa sawa ulipokuwa umerekebisha."

"Nimeona, Breki."

"Basi rekebisha tena, dada! Ziwe sawa, tupeleke, tukalale. Nani atauliza?"

Pasi alibaki akitazama skrini, na taratibu nikaona anafahamu, kwa jinsi mtu anavyofahamu kwamba harufu ya kuungua inatoka jikoni kwake mwenyewe. Ikiwa aliongeza siku moja na bado jibu likawa sawa na la maktaba ya zamani, basi mahali fulani alikuwa ameipoteza siku nyingine moja, na hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Dawa na ugonjwa vilikuwa vimekaa kitanda kimoja, kila kimoja kikimfunika mwenzake.

Alitumia siku ile na iliyofuata kusoma mistari yake upya, akianza na ile ambayo hakuwahi kuitilia shaka. Ilikuwa kugawanya. Lugha ya zamani ikigawanya namba hasi na kubaki na mabaki, huyakata kuelekea kwenye sifuri. Lugha mpya huyakata kuelekea chini. Kwa namba za kawaida lugha hizo mbili hukubaliana daima, ndiyo maana hakuna aliyeona. Ni zile ngazi za chini ya ardhi tu ambako moja husimama ngazi moja juu ya nyingine. Pasi alikuwa ameuhamisha mstari ule neno kwa neno, kwa uaminifu wote, na neno lilelile kule ng'ambo lilikuwa na tabia nyingine.

Alilisahihisha kosa lake. Hati zote zikakubali.

"Alhamdulillahi, na utukufu juu mbinguni, na kila dini ipate fungu lake," akasema Breki. "Sasa tupeleke, tunyamaze."

"Lazima nimwandikie Bibi."

"Umwandikie nini?"

"Kwamba nilibadilisha majibu. Na makosa niliyoyakuta kwao. Na la kwangu."

"Dada yangu, sikiliza. Umekwisha kuyarudisha. Nyumba iko na nyufa zake kama ilivyotakiwa. Ukiandika hayo unawapa wale wenzetu kamba ya kutufungia. Watasema, huyu mtu majaribio huyatengeneza yamfae."

"Na nisipoandika, yale makosa ya kwao nani atawaambia? Nimeyajua mimi tu. Mficha uchi hazai, Breki."

"Mficha uchi hazai, na anayeuanika hupigwa baridi."

Hata hivyo hakumzuia. Pasi aliandika asubuhi nzima, akafuta, akaandika tena, na kabla ya chakula cha mchana akawa ameipeleka. Kisha akatoka nje kuanika nguo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa.

Siku za kungoja zilipita polepole. Katika siku hizo nilimsimulia habari za kitabu cha nyimbo cha misheni yetu. Mpiga chapa alikuwa amekosea utaratibu wa beti za wimbo mmoja wa jioni, wa tatu ukaja kabla ya wa pili, nasi tukaukariri hivyo tangu utotoni. Toleo jipya lilipoletwa, likiwa limesahihishwa, upande wa wanaume uliimba wa tatu na upande wa wanawake, waliokuwa na vitabu vipya, wakaimba wa pili, kila upande ukijitahidi kuuzidi mwingine kwa sauti. Padri alisimama akiwa ameinua mikono, hajui amfuate nani. Juma lililofuata vitabu vipya vilirudishwa kabatini.

"Mkaendelea kuimba kosa?" Pasi aliniuliza.

"Tulimzika padri yuleyule kwa wimbo huo, na beti zake zilivyo."

Jibu la Bibi Mtunzaji lilikuja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Pasi alitusomea akitafsiri, mimi nimesimama nyuma yake na Breki ametoa macho kwenye skrini. Aliandika kwamba barua ile waliisoma watunzaji wote. Waliliuliza kundi lile jingine nalo lilirekebisha nini njiani. Nao baada ya kutazama walikiri kwamba hawajui, wakaomba muda. Watunzaji hawakuwa na muda wa kutoa. Walikubaliana kuipokea kazi ya Pasi, na wale wengine wamekaribishwa kujiunga naye kama watapenda. Makosa aliyoyataja yatarekebishwa moja moja, kila moja siku ileile katika lugha zote mbili, na jina lake litaandikwa hapo.

"Ila lile la hati za zamani," Pasi aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Anasema libaki."

"Libaki?" mimi nikauliza.

"Anasema hati hizo zimelipwa kwa hesabu hiyo tangu zilipoandikwa, na wenyewe waliikubali. Tukiirekebisha leo, mwenye hati na mdaiwa wake watakuwa na majibu mawili. Kila mwaka hati hizo zinapungua kwa kufikia mwisho wake. Ya mwisho ikilipwa, kosa litakufa nayo." Akaiteremsha barua kwenye skrini. "Na kwa kuwa halina jaribio, ananiomba mimi niliandikie. Jaribio la kulilinda, mtu mwingine asije akalinyoosha."

Hata Breki, mtu wa mizaha, aliona kwamba jambo hilo lilikuwa zito kwa Pasi kuliko kupokewa kulivyokuwa kwepesi.

Pasi alivuta stuli yake. Aliandika swali dogo: hati moja iliyoanza kabla ya tarehe ya msingi, riba yake, tarehe yake ya malipo. Mahali pa jibu mkono wake ulikawia juu ya vibonye, naye akaandika jibu lile lililopungua siku moja. Juu yake aliongeza maelezo kwa wale watakaokuja kusoma, nami nikayaona kwa macho yangu: kwamba jibu hili si sahihi, kwamba limeachwa kwa makusudi, na kwamba anayetaka kujua sababu amwulize yeye kabla ya kuligusa.

Akaliendesha.

"Kijani," alisema Breki kutoka mji wake.

"Kijani," Pasi akajibu, akaipeleka.